Ndoo ina mfuniko, mchele ulikuwa safi: hawa wadudu wameingilia wapi?

#1 dada_mbagala
Habari wakuu. Nilinunua mchele kilo 25, mzuri kabisa, unanukia, nikaumwaga kwenye ndoo kubwa yenye ule mfuniko wa kubana mpaka kuufungua utumie kijiko. Juzi nafungua nipike nakuta wadudu weusi wadogo wametapakaa juu, wengine wanapanda ukutani kwa ndoo. Sasa mimi sitaki dawa tu, nataka nielewe wameingilia wapi? Ndoo haina tundu, mfuniko haujapasuka, watoto hawaugusi. Mume wangu anasema nimeuziwa mchele wa zamani, jirani anasema ni joto la Dar, mama mkwe kapiga simu anasema niliuweka na unyevu. Kila mtu na lake. Na kama kuna dawa isiyo sumu nitajieni, hela ya mwingine mpaka mwisho wa mwezi.

#2 Ngosha_halisi
Dada hiyo ni ofa, mchele na mboga humohumo. Washa jiko.

#3 kobe_mzima
Nilikuwa na hamu ya kula, nimesoma #2 hamu imekata.

#4 kijana_wa_SUA
Hawajaingilia popote, ulikuja nao kutoka dukani. Huyo jike ana mdomo mrefu kama mkonga, anatoboa punje kidogo, anataga yai moja ndani, halafu anaziba kitundu kwa ute wake. Kwa macho huoni kitu, punje inaonekana nzima. Kifunza kinaanguliwa humohumo, kinakula punje kutokea ndani, kinageuka buu, mwisho anatoboa na kutoka akiwa mkubwa. Kwa joto la Dar mzunguko wote huo ni kama mwezi hivi. Kwa hiyo piga hesabu ulinunua lini. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 300 maishani mwake, ndio maana wiki hii unaona wawili wiki ijayo ndoo nzima. Mfuniko wako ulifanya kazi yake vizuri tu, uliwafungia ndani.

#5 dada_mbagala
@kijana_wa_SUA yaani mayai yapo ndani ya punje na mimi nimeshakula nusu ya huo mchele???

#6 Ngosha_halisi
Nilikwambia ni ofa.

#7 MamaLishe_Buguruni
Dada usihangaike. Mimi napika kila siku, gunia haliniishi mapema kipindi cha mvua wateja wakipungua. Dawa yangu pilipili kichaa zilizokauka, unatupia nyingi tu, chini, katikati na juu. Zisiwe mbichi zitaoza. Sijawahi kumrudishia mteja sahani kwa sababu ya mdudu. Nyingine usimwage mchele mpya juu ya mchele wa zamani, hapo ndio watu wengi wanapopigwa, ndoo haioshwi mwaka mzima kazi kujaza tu, chini kule kuna pumba na chenga za tangu Krismasi na ndipo wanapozaliana. Maliza wote, osha, anika ndoo juani, ndio ujaze.

#8 Mzee_wa_Kihenge
Pilipili inafukuza, haiui. Wale walio ndani ya punje hawana habari na pilipili yako. Ndio maana mama lishe unaona inafanya kazi, mchele wako unaisha kabla hawajatoka.

#9 MamaLishe_Buguruni
Mzee uiite kufukuza uiite kuua, mimi ninachojua sahani hairudi.

#10 bi_karafuu
Assalaam aleikum. Mie niko Unguja, huku kwetu hilo halina mjadala, ni karafuu. Unachukua kiganja kimoja unafunga kwenye kitambaa chepesi unakizika katikati ya mchele, kingine juu. Bibi yangu akiweka hivyo kwenye mtungi na mchele unakaa mpaka Ramadhani ipite. Karafuu iwe ya kweli lakini, yenye kichwa na mafuta, ukiibana kwa kucha inatoka unyevu. Zile nyepesi zilizokwisha kukamuliwa mafuta hazina kazi yoyote.

#11 kijana_wa_SUA
@bi_karafuu hapo kuna ukweli. Mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa yujenoli, wadudu hawakipendi na kikiwa kingi kinawaua. Shida ni kiasi, kiganja kimoja kwenye kilo 25 ni kidogo.

#12 bi_karafuu
Haya mwanangu, bibi yangu hakuwa na hiyo yujenoli yako, alikuwa na mchele tu na mchele ulikuwa safi.

#13 Fundi_Geji
Njia ya mshumaa hamuijui? Unaweka mchele nusu ndoo, unasimamisha kipande cha mshumaa kwenye kifuniko cha chupa juu ya mchele, unawasha, unafunika ndoo na kuzungushia selotepu. Mshumaa unakula oksijeni yote, ukizimika ujue hewa imeisha na wadudu wanakufa palepale. Bure kabisa, mia mbili ya mshumaa.

#14 kijana_wa_SUA
Nusu ya hiyo ni kweli. Mshumaa unazimika mapema sana, oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 mpaka kama 16 hivi moto hauwaki tena, lakini mdudu bado anapumua vizuri tu. Kinachowaua ni ule mfuniko, ukibana kweli wao wenyewe wanapumua taratibu mpaka wanaimaliza hewa. Ila lazima chombo kijae mpaka juu, hewa iwe kidogo. Wewe unasema nusu ndoo, hiyo nusu nyingine tupu ni akiba yao ya kupumulia.

#15 Fundi_Geji
Mbona kwangu walikufa?

#16 Mzee_wa_Kihenge
Uliwaona wamekufa au wamelala? Hawa jamaa ni waigizaji. Mwaga mchele kwenye ungo halafu gonga ungo kwa kidole, wote wanakunja miguu wanalala chali kama maiti. Weka ungo chini, usiongee, dakika mbili nyingi, mmoja anatikisa mguu, anajigeuza, halafu wote wanaanza safari ya kwenye ukingo. Wengi mnawamwaga hapo nje mlangoni mkijua wamekufa, usiku wanarudi jikoni.

#17 kobe_mzima
Kumbe mpaka wadudu wanajua kukwepa kodi

#18 mtoto_wa_Tabora
Nyie mnalia na mchele, njooni kwenye mahindi. Dumuzi mnamjua? Wengine wanamwita Scania. Kwa mara ya kwanza Afrika alibainika mkoani kwetu Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 80, na kwao asili ni Mexico na Amerika ya Kati huko. Mzee wangu anasimulia walikuwa wanahifadhi mahindi na magunzi yake kwenye kihenge kama walivyozoea miaka yote, fukusi wa kawaida, jamii ya hao wenye mkonga wa #4, walikuwepo na walivumilika. Alipoingia huyu, miezi michache tu ukigusa gunzi linabaki unga mkononi. Anatoboa mbao, anatoboa mihogo mikavu, plastiki ndio kabisa. Watu waliacha kuhifadhi na magunzi, wakaanza kupukuchua na kuchanganya na dawa ya unga kwa sababu yake yeye.

#19 Ngosha_halisi
Tabora mmetupa asali na mmetupa dumuzi. Asanteni kwa vyote.

#20 Mkulima_Njoro
Hapa Kenya huyo jamaa tunamwita Osama, sina haja ya kueleza kwa nini. Alivukia Taveta 1983, sisi tunawalaumu nyinyi majirani mpaka leo. 1992 wakaleta mdudu mwingine kutoka hukohuko kwao eti aje amle, wakamwachilia. Mimi gunia zangu za kilo 90 bado zinaliwa kwa hivyo sijui nani anamla nani.

#21 mtoto_wa_Tabora
@Mkulima_Njoro dumuzi hakuwa na pasipoti, alipanda lori la mahindi mliyonunua wenyewe.

#22 dada_mbagala
Wakuu mnaniacha, mimi ni wa kilo 25 kwenye ndoo, kihenge sina. Nimeshaupepeta wote, nusu nimeweka karafuu nusu pilipili nione. Kuna mtu kasema nianike juani, nianike?

#23 MamaLishe_Buguruni
Anika, jua la saa sita wanakimbia wote.

#24 Mzee_wa_Kihenge
USIANIKE mchele juani! Mahindi, maharage, kunde sawa. Mchele ulioshakobolewa ukiupiga jua kali punje zinapasuka, ukiupika unapata chenga na ubwabwa. Tandaza kivulini penye upepo, kwenye mkeka au turubai, wenyewe hawapendi mwanga watatoka.

#25 MamaLishe_Buguruni
Nimeanika miaka yote na wali wangu unachambuka punje moja moja, uje Buguruni uonje ndio uandike herufi kubwa.

#26 shemeji_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Huku basmati tunanunua magunia ya kilo 20 mpaka 40, na joto la mwezi wa sita mnalijua, stoo ikiwa haina AC mchele unatembea wenyewe. Ninachofanya nagawa kwenye mifuko ya kilo mbili mbili nafunga vizuri natia kwenye friza siku tatu nne ndio nahamishia kwenye kontena. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaua mpaka mayai yaliyo ndani ya punje, hayo ambayo pilipili na karafuu hayafikii. Ila msiufungue ukiwa wa baridi, uacheni kwenye mfuko uleule mpaka urudi joto la kawaida, vinginevyo unatoa jasho, unalowa na unaota ukungu.

#27 kobe_mzima
Friza shemeji? Luku ya nani? Humu watu friji wanaliwasha sikukuu.

#28 dada_mbagala
Friji ninalo lakini kile kichumba cha juu cha barafu kinaingia kilo tatu labda, na samaki wapo.

#29 shemeji_Muscat
Basi ingiza kwa zamu. Samaki wakitoka, mchele unaingia.

#30 Mama_Upanga
Majirani zangu Wahindi hapa wao dengu, choroko na hata mchele wanapaka mafuta ya nyonyo. Unaweka kidogo sana viganjani, unasugua punje mpaka zote zipate mng'ao, unafungia kwenye debe. Kabla ya kupika unaosha kwa maji ya uvuguvugu. Jirani yangu ananunua dengu za mwaka mzima, nimeziona kwa macho, hakuna hata tundu moja. Kwenye maharage mimi natumia mafuta ya kawaida ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kilo kinatosha.

#31 kijana_wa_SUA
Kwa maharage na kunde hiyo ni sahihi kabisa, mafuta yanaziba mayai yaliyobandikwa kwenye ganda. Ila mdudu wa maharage si huyu wa mchele, wa maharage ni mnene hana mkonga. Na kuna njia isiyo na gharama hata senti. Watafiti Marekani waliichapisha mwanzoni mwa miaka ya 90: kile kifunza cha maharage kikianguliwa kinahitaji saa nyingi kutoboa punje, na kinatoboa kikiwa kimejiegemeza kati ya punje mbili. Ukigeuzageuza mfuko au dumu asubuhi na jioni kila siku kinapoteza tundu lake, kinaanza upya, kinachoka kinakufa.

#32 Ngosha_halisi
Yaani namuua kwa kumsumbua. Naijua hiyo, wife ananifanyia

#33 kobe_mzima
#32 pole kaka

#34 duka_la_Manzese
Mimi ni muuzaji, niseme ukweli wa upande wetu. Si lazima mchele uwe wa zamani. Gunia linaweza kutoka mashineni Kahama au Kyela safi, likalala ghala moja na mahindi yaliyobunguliwa, au likapakiwa lori lililobeba mahindi jana, basi. Mdudu wa mchele huyu anaruka pia. Mteja akija anakusema wewe. Ushauri, ukifika dukani usiangalie juu ya gunia, chota katikati, tandaza kiganjani uone kama kuna punje zenye vitundu au vumbi jeupe la unga. Vumbi likiwa jingi acha, usinunue hata kwa punguzo.

#35 dada_mbagala
@duka_la_Manzese niliponunua mimi alinichotea yeye mwenyewe haraka haraka, na akanipunguzia mia mbili kila kilo bila kuombwa.

#36 duka_la_Manzese
Ahaa.

#37 mpangaji_mwema
Kuna vile vidonge vya ghalani, Phostoxin, jamaa yangu alinipa kimoja, unafunga kwenye karatasi unaweka ndani ya ndoo siku tatu, hakuna mdudu anayebaki. Nani kavitumia nyumbani?

#38 kijana_wa_SUA
@mpangaji_mwema TAFADHALI usifanye hivyo. Kile kidonge kikikutana na unyevu wa hewani kinatoa gesi ya fosfini. Ni cha ghala lililofungwa, lisilolala mtu, kwa mtaalamu mwenye vifaa. Gesi inapita chini ya mlango na kwenye nyufa, inafika chumba cha pili walipolala watoto, na haina dawa ya kuizimua hata ukifika hospitali mapema. Usikiweke hata kwenye kabati, usikitupe pipani. Kipeleke kwa ofisa kilimo wa eneo lako na kisikae ndani usiku wa leo.

#39 Mzee_wa_Kihenge
Naunga mkono kwa mikono miwili. Katika uzi huu wote hilo ndilo lisilo na utani.

#40 mpangaji_mwema
Nimekitoa nje, nitakipeleka asubuhi. Asanteni, sikujua.

#41 Dodoma_kavu
Na ukungu je? Mahindi yangu yana wadudu wachache lakini mengine yana rangi ya kijani kijani, nilitaka nioshe, nianike, nisage.

#42 kijana_wa_SUA
Wadudu utapepeta, ukungu haupepetwi. Unatoa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kuosha hakuitoi, kupika hakuiui. 2016 Dodoma na Manyara hapo watu karibu 20 walikufa kwa mahindi, na Kenya 2004 watu 125 upande wa Ukambani. Yenye rangi usimpe hata kuku. Kwa msimu ujao pima ukavu kabla ya kuhifadhi: chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini unaweza kuhifadhi.

#43 Mkulima_Njoro
Hiyo ya chumvi iko sawa, nyanya yangu alikuwa anang'ata tu, ikilia "ka!" ni kavu. Ila meno yaliisha.

#44 Mzee_wa_Kihenge
Kwa wenye mahindi na maharage mengi, ile mifuko ya PICS ya tabaka tatu, plastiki mbili nzito ndani na salfeti nje. Ilianzia kwa kunde kule Cameroon miaka ya 80 mwishoni, ni kanuni ileile aliyoisema kijana kwenye #14, unawanyima hewa. Huna hela ya mfuko, tumia dumu la lita 20 la mafuta ya kula, lioshe, likauke KABISA, jaza maharage huku unaligonga chini yashuke, mpaka shingoni, kaza kifuniko. Usifungue fungue kuchungulia. Kila ukichungulia umewapa pumzi.

#45 Fundi_Geji
Kwa hiyo mshumaa niweke au nisiweke?

#46 Mzee_wa_Kihenge
Weka, utaona vizuri unapojaza.

#47 dada_mbagala
Mrejesho. Upande wa pilipili nimeona wadudu wawili, upande wa karafuu hakuna ila jana mume kauliza mbona wali mweupe unanukia pilau na nyama haionekani. Kilo tatu zimepita kwenye friza na zenyewe hakuna kitu mpaka sasa.

#48 bi_karafuu
Mwambie anunue nyama basi, harufu tumeshampa.

#49 MamaLishe_Buguruni
Hao wawili wa pilipili walikuwepo toka mwanzo, hukupepeta vizuri.

#50 Mama_Upanga
Au pilipili zilikuwa za supamaketi zile za kwenye chupa, hazina ukali.

#51 kijana_wa_SUA
Au wametoka kwenye punje jana. Subiri wiki tatu ndio useme karafuu imeshinda.

#52 unga_wa_chapati
Wa kwangu ni tofauti, kwenye unga wa ngano kuna viwekundu bapa vidogo, na kwenye mchele punje zinashikana kama zimefungwa na utando wa buibui, halafu jioni vipepeo vya kijivu jikoni. Karafuu inafaa?

#53 kijana_wa_SUA
Hao ni wengine wawili tofauti. Wa kwenye unga hatoboi punje nzima, anakula unga na chenga, chekecha na uhifadhi kwenye chombo cha kubana. Huo utando ni wa funza wa kipepeo, na hicho unachokiona jioni ni mama yake. Toa kila kitu kabatini, futa pembe zote na nyufa, wanajificha hapo.

#54 Dodoma_kavu
Samahani natoka nje ya mada kidogo, hilo dumu la lita 20 la #44, mimi ninalo lakini liliwahi kuwekewa mafuta ya taa, nimeosha na Omo na ndimu bado linanuka. Magadi yatatoa?

#55 Mama_Upanga
Weka majani ya chai yaliyotumika na maji ya moto, lilale usiku kucha.

#56 Fundi_Geji
Mchanga mkavu na sabuni ya kipande, tikisa mpaka mkono uume.

#57 Mzee_wa_Kihenge
Plastiki ikishakunywa mafuta ya taa haiyatapiki, hata harufu ikipungua. Usiweke chakula humo. Likate juu, panda mchicha upeleke uani, tafuta dumu la Korie kwa mama lishe yeyote anakuuzia elfu mbili.

#58 MamaLishe_Buguruni
Elfu tatu. Njoo Buguruni, uje na yule wa herufi kubwa aonje wali.